Kuufundisha Mkataba wa Versailles kwa Kuusoma Wenyewe

Mwanafunzi anayemaliza somo la Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kawaida huondoka na maelezo ya sentensi moja: kwamba Mkataba wa Versailles uliikandamiza Ujerumani, Wajerumani wakakasirika, Hitler akashika madaraka, na vita vya pili vikafuata. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, na ni mepesi kuyakumbuka katika chumba cha mtihani. Tatizo lake ni kwamba yanamwezesha mwanafunzi kuuhukumu mkataba wenye ibara 440, zilizogawanywa katika sehemu 15, bila kuwahi kusoma hata ibara moja. Sisi tunaotoa elimu ya historia kwa umma tunapendekeza mwalimu augeuze mpangilio huo: aanze na ibara chache zilizochaguliwa kwa uangalifu, awaulize wanafunzi zinasema nini na zinamdai nani, kisha ndipo darasa lijadili yaliyofuata.

Kabla ya kufungua maandishi yenyewe, ni vyema kuondoa mkanganyiko ambao hujitokeza karibu kila darasani. Mapigano yalikoma tarehe 11 Novemba 1918, kwa makubaliano yaliyotiwa saini ndani ya behewa la treni katika msitu wa Compiègne, lakini makubaliano hayo yalikuwa ya kusitisha mapigano tu. Mkutano wa amani ulifunguliwa Paris tarehe 18 Januari 1919, mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Juni 1919, na ukaanza kutumika tarehe 10 Januari 1920. Aidha, Versailles ilihusu Ujerumani peke yake. Austria, Bulgaria, Hungaria na dola la Uturuki ziliandikiwa mikataba yao, na ule wa Uturuki haukudumu, kwani nafasi yake ilichukuliwa na mkataba mwingine uliotiwa saini Lausanne mwaka 1923. Baadhi ya tarehe hizi zina maana ya pekee. Siku ya kutia saini ilitimiza miaka mitano tangu Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, auawe Sarajevo, tukio lililowasha vita, na Ukumbi wa Vioo wa kasri la Versailles ulikotiwa saini ndimo Wajerumani walimotangaza dola lao tarehe 18 Januari 1871, walipokuwa wakiishinda Ufaransa vitani. Darasa likipewa taarifa hizo na kuulizwa wenyeji walitaka kusema nini, mjadala hauhitaji kusukumwa.

Vitabu vingi vya kiada huwachora viongozi wakuu wa mkutano kama wahusika wa tamthilia: Georges Clemenceau wa Ufaransa mwenye kiu ya kisasi, Woodrow Wilson wa Marekani mwenye ndoto, David Lloyd George wa Uingereza anayewapatanisha, na Vittorio Orlando wa Italia anayesahaulika. Mchoro huo huficha sababu. Sehemu kubwa ya vita upande wa magharibi ilipiganwa katika ardhi ya Ufaransa na Ubelgiji, ambako miji, mashamba na migodi ya makaa ya mawe viliharibiwa, ilhali viwanda vya Ujerumani vilibaki vimesimama. Ufaransa ilipoteza wanajeshi zaidi ya milioni 1.3, na ilikuwa na watu takribani milioni 40 ikipakana na taifa lenye zaidi ya milioni 60. Mwanafunzi anayezijua takwimu hizo anaweza bado kumwona Clemenceau kuwa alikosea, lakini atamjibu kwa hoja. Vivyo hivyo, ni lazima aelewe malalamiko ya Wajerumani: hawakushiriki katika majadiliano, walikabidhiwa rasimu tarehe 7 Mei 1919, wakaruhusiwa kutoa maoni kwa maandishi tu, na wakapata marekebisho machache, likiwamo la kura ya maoni katika Silesia ya Juu. Serikali ya Philipp Scheidemann ilijiuzulu kuliko kuukubali, na hatimaye waliotia saini ni Hermann Müller na Johannes Bell, wawakilishi wa jamhuri changa iliyokuwa imerithi kushindwa kwa Kaisari.

Masharti ya mipaka na ya jeshi hayahitaji muda mrefu ikiwa kuna ramani mbili, ya mwaka 1914 na ya mwaka 1920. Alsace na Lorraine zilirudi Ufaransa. Poland iliyozaliwa upya ilipata njia ya kufika baharini. Danzig ukawa mji huru. Bonde la Saar likawekwa chini ya Shirikisho la Mataifa, chombo cha kimataifa kilichoundwa na mkataba wenyewe, kwa miaka 15. Kwa jumla Ujerumani ilipoteza takribani asilimia 13 ya ardhi yake ya Ulaya na asilimia 10 ya watu wake. Jeshi lake la nchi kavu lilipunguzwa hadi askari 100,000, ikanyimwa nyambizi, vifaru na ndege za kivita, na ikakatazwa kuweka majeshi katika eneo la Rhineland.

Ibara inayostahili kipindi kizima ni ya 231. Ndani yake serikali za washirika walioshinda vita zinathibitisha, na Ujerumani inakubali, kwamba Ujerumani na washirika wake wanawajibika kwa hasara na uharibifu wote uliotokana na vita walivyolazimishiwa wenzao kwa uvamizi. Ibara hii ndiyo inayofunguliwa nayo sehemu ya fidia, na kazi yake ilikuwa kuweka msingi wa kisheria wa madai. Waliohusika zaidi kuiandika walikuwa Wamarekani wawili, Norman Davis na John Foster Dulles, waliotafuta njia ya kukubali wajibu kwa jumla huku malipo halisi yakiwekewa mipaka. Mipaka hiyo inaonekana mara moja katika ibara ya 232, inayokiri kwamba rasilimali za Ujerumani hazitoshi kulipia uharibifu wote. Wanafunzi wasomeshwe ibara hizo mbili pamoja, kwa sababu moja bila nyingine hupotosha. Ibara zinazofanana na ya 231 zimo pia katika mikataba ya Austria na Hungaria, wala hazikuzua kelele kama hiyo. Wahungaria walichokilia ni ardhi. Ni Ujerumani ndiko wanasiasa, magazeti na hata wizara ya mambo ya nje walikoifanya ibara hiyo kuwa tamko la hatia ya taifa zima, na usomaji huo ukashinda. Mwalimu asije akawaambia wanafunzi kwamba Wajerumani waliubuni tu, kwani uvamizi umetajwa ndani ya ibara yenyewe. Kinachofaa ni kuwataka waeleze namna maandishi ya mwanasheria yanavyoweza kubadilika kuwa silaha ya mwanasiasa.

Kuhusu fidia, jambo la kwanza ambalo mwanafunzi hushangaa kulijua ni kwamba mkataba haukutaja jumla ya deni. Kiasi cha marki za dhahabu bilioni 132 kilitangazwa na washirika London mwezi Mei 1921, na hata hicho kiligawanywa katika madaraja matatu ya hati za deni, ambapo daraja la tatu, lenye bilioni 82, liliwekwa zaidi kwa ajili ya kuwatuliza wapiga kura wa Ufaransa na Uingereza kuliko kwa matumaini ya kulipwa. Deni lililotarajiwa kwa dhati lilikuwa bilioni 50, na hadi malipo yalipofutwa katika mkutano wa Lausanne mwaka 1932 Ujerumani ilikuwa imelipa kiasi kinachokadiriwa kuwa bilioni 20 hivi. Wanahistoria hawajakubaliana kama Ujerumani haikuweza kulipa au haikutaka, na si aibu kuliambia darasa kwamba ubishi huo unaendelea. Mfumuko mkubwa wa bei wa mwaka 1923 nao usielezwe kwa fidia pekee. Thamani ya marki ilikuwa ikishuka tangu wakati wa vita, vilivyogharamiwa kwa mikopo. Kisha, majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yalipoingia Ruhr, eneo la viwanda la Ujerumani, mwezi Januari 1923 kudai malipo yaliyocheleweshwa, serikali ya Berlin ilichapisha fedha ili kuwalipa wafanyakazi waliogoma. Mikopo ya baadaye iliyochukuliwa ili kulipia fidia iliacha madeni ya riba ambayo sehemu yake ya mwisho ililipwa tarehe 3 Oktoba 2010, taarifa ambayo, kwa uzoefu wetu, huamsha hata mwanafunzi aliyekuwa akisinzia.

Ukali wa mkataba hauwezi kupimwa bila kulinganisha. Mwezi Machi 1918, Ujerumani ilipokuwa mshindi upande wa mashariki, iliilazimisha Urusi kutia saini mkataba wa Brest-Litovsk, ambao uliiondolea Urusi Poland, Ukraine, nchi za Baltiki na Finland. Mwaka 1871 iliitoza Ufaransa faranga bilioni 5, na Ufaransa ikazilipa kabla ya muda. Ulinganisho huu hauifanyi Versailles kuwa ya haki; unaonyesha tu kwamba washindi wa mwaka 1919 hawakuwa wa kwanza kuwatoza walioshindwa, na kwamba Ujerumani yenyewe ilikuwa imetumia kipimo hicho hicho mwaka mmoja tu uliotangulia.

Sasa ndipo darasa linaweza kurudi kwenye mnyororo unaounganisha Versailles na Hitler. Chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 ya kura mwaka 1928, miaka tisa baada ya mkataba. Wakati huo Ujerumani ilikuwa imeshapatana na majirani zake wa magharibi huko Locarno mwaka 1925 na kuingia katika Shirikisho la Mataifa mwaka 1926. Mwaka 1930, baada ya uchumi wa dunia kuporomoka, chama hicho kilipata asilimia 18.3, na mwezi Julai 1932, watu wasio na ajira wakiwa takribani milioni sita, kikapata asilimia 37.3. Ikiwa mkataba ulikuwa ule ule mwaka 1928 na mwaka 1932, basi ni lazima kitu kingine kilibadilika. Hata hivyo, mwanafunzi asiruhusiwe kuruka hadi upande wa pili na kudai kwamba mkataba haukuwa na maana yoyote, kwa kuwa karibu vyama vyote vya Ujerumani, pamoja na vile vilivyoitetea jamhuri, viliuchukia, na chuki hiyo ya pamoja ndiyo iliyomrahisishia Hitler kuzungumza na watu ambao vinginevyo wasingemsikiliza. Kukosekana kwa wadhamini nako kuna uzito wake: Baraza la Seneti la Marekani liliukataa mkataba mwezi Novemba 1919 na tena Machi 1920, na Shirikisho la Mataifa, ambalo katiba yake ndiyo ibara 26 za kwanza za mkataba, likaanza kazi bila taifa lililolipendekeza.

Kuna ibara ambazo masomo yaliyoandikwa Ulaya huzipita haraka, na ambazo msomaji wa Afrika Mashariki hana sababu ya kuzipita. Kwa ibara ya 119 Ujerumani iliachia makoloni yake yote, na ibara ya 22 ikaeleza yatatawaliwaje: nchi zinazokaliwa na watu ambao, kwa maneno ya ibara hiyo, bado hawawezi kusimama wenyewe katika hali ngumu za dunia ya kisasa, ziwekwe chini ya mataifa yaliyoendelea kama dhamana takatifu ya ustaarabu. Kwa mpango huo sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ikawa Tanganyika chini ya Uingereza, Rwanda na Burundi zikaenda Ubelgiji, na pembe ndogo ya Kionga, kusini ya mto Ruvuma, ikapewa Ureno. Afrika ya Kusini Magharibi ilikabidhiwa kwa Afrika Kusini, na haikuwa huru, ikiitwa Namibia, hadi mwaka 1990. Askari na wapagazi waliokufa kwa maelfu katika kampeni ya Afrika Mashariki hawakuwa na msemaji Versailles. Wilson alikuwa amezungumzia haki ya watu kujiamulia mambo yao, na wanafunzi waisome ibara ya 22 sambamba na hotuba hizo, kisha waseme haki hiyo ilikusudiwa nani. Waasia waliuliza swali hilo hilo kwa sauti: pendekezo la Japani la kutambua usawa wa mataifa bila ubaguzi wa rangi lilizuiwa, na China ilikataa kutia saini baada ya haki za Ujerumani katika jimbo lake la Shandong kupewa Japani, uamuzi uliowatoa wanafunzi wa Beijing barabarani tarehe 4 Mei 1919.

Ibara ya 246 nayo ni ya pekee. Inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, iikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani tangu mwaka 1891 hadi alipojiua mwaka 1898 ili asikamatwe. Miezi sita ilipita, ikawa miongo mitatu na zaidi. Mwaka 1954 gavana Edward Twining ndiye aliyelirejesha fuvu lililochaguliwa kutoka katika makumbusho ya Bremen, na leo limehifadhiwa Kalenga, karibu na Iringa. Ibara hii inafaa kufundishia mambo mawili kwa pamoja, yaani pengo kati ya kuandika sharti na kulitekeleza, na matumizi ya kumbukumbu za waliotawaliwa katika ushindani wa watawala, kwa sababu Uingereza iliyolidai fuvu hilo ilikuwa ikijiandaa kuitawala nchi lilikotoka.

Walimu wengi hupenda kuwagawa wanafunzi katika makundi ya wajumbe wa Paris ili wajadiliane upya. Zoezi hilo ni zuri ikiwa tu wajumbe hao wanapewa taarifa zilizokuwapo mwaka 1919 na hakuna anayeruhusiwa kutaja Hitler. Vinginevyo kila kundi litakuwa na busara ya kupindukia na hakuna litakalojifunza ugumu wa uamuzi. Kundi moja lipewe nafasi ya wale ambao hawakualikwa, lipokee nakala iliyokamilika pamoja na muda mfupi wa kujibu kwa maandishi. Katika upimaji, badala ya kuwataka waeleze namna mkataba ulivyosababisha Vita vya Pili vya Dunia, swali linaloliweka jibu ndani yake, wapewe ibara za 22, 231, 232 na 246, pamoja na matokeo ya uchaguzi wa Ujerumani wa mwaka 1928 na 1932, na waandike ni hoja zipi zinaweza kuthibitishwa kwa nyaraka hizo na zipi zinahitaji ushahidi mwingine.