Eti "Hapo Palishachimbwa"

Juzi, kwenye kikao cha ukarabati wa daraja, Kisumu, mimi mwanaakiolojia niliomba kukagua kama kuna mabaki ya watu wa kale ardhini kabla ya kazi kuanza; mhandisi kijana alinitazama kwa huruma akaniuliza: "Mzee, hapo palishachimbwa zamani daraja lilipojengwa. Sasa unatafuta nini?" Swali hili siku hizi naanza kulijibu kabla mtu hajalimaliza.

Nguzoni, sawa. Nionyeshe michoro ya ujenzi na sitatia sururu hapo. Lakini nani amewahi kukarabati daraja akaishia nguzoni? Unakatwa mchepuko kando ya mto, panasawazishwa pa kuweka kambi na pa kugeuzia malori, kisha linachimbwa shimo la maramu. Shimo hilo ndilo linaloninyima usingizi. Halimo kwenye mchoro wa daraja hata kidogo, na mara nyingi huchimbwa kwenye mwinuko mkavu karibu na maji, pale pale ambapo ningejenga nyumba yangu kama ningeishi miaka elfu mbili iliyopita.

Halafu hilo neno "palishachimbwa". Palichimbwa kina gani? Tingatinga la barabara huenda lilikwaruza sentimita 30 tu, na chini yake udongo haujaguswa na mtu. Tena daraja halikuwekwa pale kwa bahati nasibu. Ukingo ulio imara aliuona mvuvi na mfua chuma kabla ya mhandisi. Wadh Lang'o, kando ya mto Sondu, palichimbuliwa kwa sababu ya mradi wa umeme, na vyungu vya Kansyore (vya wavuvi na wawindaji wa kale) vikapatikana chini ya vile vya Urewe (vya wafua chuma waliokuja baadaye). Urewe yenyewe, mahali palipovipa vyungu hivyo jina, iko Siaya, upande wa mto Yala. Gogo, eneo jingine la vyungu vya kale, iko kwenye mto Kuja. Mito, mito, mito!

Ninachotafuta ni kitu kama hiki: kigae cha chungu cha Urewe chenye mistari sambamba iliyochorwa udongo ukiwa mbichi, na kitakoni kishimo kinachoingia ncha ya kidole gumba. Kando yake bonge la mavi ya chuma, yaani taka inayobaki chuma kikiyeyushwa, zito, lenye matundu. Nikivikuta kwenye kifusi cha barabara sishangilii, maana huenda vililetwa na lori. Nikivikuta vimechomoza ukingoni, juu yake tabaka safi la matope ya mafuriko, hapo nakaa chini.

  

Sasa niungame. Mashimo yangu ya majaribio huachana mita 20, na sakafu ya nyumba nzima hutoshea katikati bila kuguswa. Bondeni tabaka la matope huenda chini kuliko ninapofika kwa koleo. Naandika "hakuna kilichoonekana", mkandarasi anasoma "hakuna kitu". Mwaka mmoja mafuriko yalimega ukingo niliokuwa nimeupitisha, nusu ya chungu ikabaki inaning'inia. Nilikuwa nimesimama juu yake nikinywa chai.

Tangu hapo naomba mwanaakiolojia wetu mmoja asimame kando ya ekskaveta inapochimba, siku zote, hata baada ya ripoti kupitishwa. Kijana yule akaniuliza mtu huyo atalipwa kutoka fungu gani. Hilo, walau, lilikuwa swali zuri.