Handikapu si wastani wako: dhana zinazoharibu siku ya mashindano klabuni

Kila Jumamosi ya mashindano ya gofu, kuanzia saa kumi hadi giza linapoingia, mimi hukaa kwenye meza iliyo karibu na dirisha la chumba cha klabu nikipokea kadi za matokeo zilizolowa ukungu, na kila Jumamosi hutokea mtu akaniambia maneno yale yale: "Katibu, handikapu yangu umeikosea. Mimi si mtu wa kumi na tano, wastani wangu ni ishirini." Handikapu ni idadi ya mikwaju anayopewa mchezaji, yaani inayopunguzwa kwenye hesabu yake, ili wenye viwango tofauti washindane kwa haki. Wiki iliyopita nimeyasikia mara nne, mara mbili kutoka kwa watu niliokwisha kuwaeleza kwa kalamu na karatasi. Klabu yetu ni ndogo, kiwanja kimezungukwa na chai ya Mufindi, tunafahamiana kwa majina ya watoto, na kwa sababu hiyo hiyo imani potofu moja huenea kutoka shimo la kwanza hadi la mwisho kabla makedi, wabeba mifuko yetu, hawajamaliza kufuta vijiti vya kuchezea.

Handikapu hupima uwezo uliouonyesha siku ulizocheza vizuri. Chini ya Mfumo wa Handikapu wa Dunia, ulioanza kutumika mwaka 2020, huchukuliwa kadi zako 20 za mwisho, kila kadi ikageuzwa kuwa namba iitwayo tofauti (inayoonyesha ulivyopitwa na kiwango cha mchezaji hodari) kwa kuzingatia kiwango cha ugumu wa kiwanja na slopu yake, yaani jinsi kinavyomlemea mchezaji wa kawaida kuliko hodari, kisha zikachaguliwa tofauti nane zilizo ndogo kuliko zote. Wastani wa hizo nane ndio indeksi yako, yaani handikapu yako ya msingi. Zile 12 zilizobaki haziingii katika wastani huo hata kwa nukta moja.

Tuseme tofauti zako nane bora ni 13.1, 13.9, 14.4, 15.0, 15.2, 15.8, 16.1 na 16.5. Zijumlishe upate 120, gawanya kwa nane, indeksi yako ni 15.0. Sasa rudi uzihesabu kadi zote 20 na ujiulize ni mara ngapi ulicheza 15.0 au chini yake. Ni mara nne tu, yaani mara moja katika kila raundi tano. Mtu huyu akija mezani kwangu Jumamosi na pointi 31 za Stableford, mchezo ambao kila shimo hukupa pointi kulingana na mikwaju yako baada ya kuondoa handikapu, akalalamika kwamba hajawahi "kuicheza handikapu yake" tangu mwezi uliopita, hajaonewa na yeyote. Mfumo umefanya kazi kama ulivyokusudiwa. Pointi 36 ndiyo kuicheza handikapu, nayo ni siku njema. Anayezifikisha kila wiki ndiye ambaye kadi zake nitazifungua na kuzisoma upya.

Dhana hii inaniumiza kuliko nyingine zote kwa sababu ya uharibifu unaoifuata. Aliyeamini kwamba handikapu ni wastani huiogopa kadi mbaya, na anayeiogopa kadi mbaya haileti. Mwezi uliopita nilimwona kijana mmoja, mchezaji mzuri kabisa, akipita pembeni ya meza yangu na kadi imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa koti la mvua, penseli bado iko sikioni. Nilipomwita alisema raundi iliharibika, kwa hiyo hakuna haja. Ilikuwa imeharibika kweli: kwenye shimo la bondeni, pari nne (mikwaju minne inayotarajiwa kwa mchezaji hodari), mipira miwili ilizama kijitoni na hesabu yake ilifika 11. Lakini kwa ajili ya handikapu, 11 ile haihesabiwi kuwa 11. Kila shimo lina kikomo, nacho ni dabo bogi ya neti: pari nne, jumlisha mikwaju miwili, jumlisha mkwaju mmoja anaopewa kwenye shimo hilo, jumla saba. Mikwaju minne iliyomchoma moyo iliondolewa na kanuni hata kabla sijaigusa kalamu. Alichokikunja mfukoni ni kadi ya kawaida kabisa.

Na asiyerudisha kadi asidhani raundi yake imefutika. Jina lake liko kwenye orodha ya kuanzia, waliocheza naye wapo, na kamati ina mamlaka ya kumwandikia matokeo ya adhabu. Raundi ya mashindano ni ya klabu nzima tangu ulipopiga mpira wa kwanza kutoka kwenye tii, sehemu ya kuanzia.

Wapo pia wanaokwenda upande wa pili, wanaoleta kadi mbaya kwa furaha na kuzificha zile nzuri ili siku ya kikombe waje na mikwaju mingi mkononi. Nawaambia wazi kwamba mlango huo ni mwembamba. Kwa mchezaji mwenye kadi 20, indeksi ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa aliyowahi kuwa nayo ndani ya miezi 12, kinachozidi hapo hupunguzwa kwa nusu, na ikifika 5.0 juu yake husimama. Akitokea siku moja na tofauti iliyo chini ya indeksi yake kwa 7.0 au zaidi, indeksi hiyo hukatwa 1.0 papo hapo. Ikiwa ni 10.0 au zaidi, hukatwa 2.0.

Katika klabu zetu za huku lipo jambo jingine ambalo halina ubaya wa moyo lakini matokeo yake ni mabaya, nalo ni kuichukulia handikapu kama heshima. Mzee wetu mmoja, ambaye nampenda sana, alinijia asubuhi kabla ya kuanza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Niongezee miwili leo, magoti haya yamechoka."

"Mzee wangu, magoti yakichoka kadi zitasema zenyewe. Lete kadi zote, hata za jioni."

Sikumwongezea, na haikuwa rahisi kumkatalia mtu wa umri wa baba yangu. Lakini mikwaju miwili ninayompa yeye kwa heshima naichukua kutoka kwa wengine wote waliolipa ada ya mashindano. Nilipomtajia kadi za jioni nilimaanisha hivyo hasa: raundi ya mashimo tisa ya siku ya kazi, ikichezwa kwa kanuni na kusainiwa, huingia kwenye rekodi, na tangu mwaka 2024 mfumo hukamilisha mashimo tisa yasiyochezwa kwa matokeo yanayotarajiwa kwa mtu wa indeksi yako. Ushauri wangu kwa kila mwanachama ni huo huo mmoja. Cheza tisa za jioni, andika, saini, leta.

Mengine nitayasema kwa ufupi.

Wanaume kadhaa huamini kwamba akina mama wanaoanzia tii za mbele hawawezi kushindania kikombe kimoja nao kwa haki. Kila tii ina kiwango chake cha ugumu na slopu yake, vikipimwa peke yake kwa wanaume na peke yake kwa wanawake, na handikapu ya kiwanja, yaani mikwaju unayopewa ukianzia tii hiyo, hukokotolewa kutokana na hivyo. Haki imekwishawekwa ndani ya hesabu. Dada aliyewashinda kwa pointi mbili amewashinda.

Mpira ulio karibu na shimo haujaingia. Maneno "huo nimekupa" ni ya mechi ya mtu kwa mtu peke yake. Katika mashindano ya mikwaju lazima uutumbukize, na ukianza shimo linalofuata bila kusahihisha kosa hilo, unaondolewa. Katika Stableford unaweza kuokota, lakini shimo hilo halina pointi. Muda wa kutafuta mpira ni dakika tatu, si tano, tangu mwaka 2019. Mpira wa akiba, unaopigwa pale wa kwanza unapohofiwa kupotea, lazima utangazwe kwamba ni wa akiba kabla ya kupigwa. Ukiupiga kimya kimya, huo ndio mpira wako mchezoni, hata kedi akiuona ule wa kwanza umelala vizuri kwenye fewei, nyasi fupi za katikati.

Kuusogeza mpira kwa mkono kwenye fewei wakati wa mvua ni ruhusa ya kamati kwa siku hiyo, iliyobandikwa ubaoni. Haitokani na matope uliyoyaona mwenyewe, wala haifiki kwenye rafu, nyasi ndefu za pembeni.

Kuhusu kadi, wengi bado hudhani kwamba wakikosea kuandika handikapu wanaondolewa. Tangu mwaka 2023 kazi hiyo ni ya kamati. Lililobaki juu yako ni idadi sahihi ya mikwaju kwa kila shimo, na hapo hakuna huruma: ukisaini idadi ndogo kuliko uliyopiga unaondolewa, ukisaini kubwa inabaki hiyo hiyo. Roberto De Vicenzo, mchezaji wa Argentina, kwenye mashindano makubwa ya Masters ya 1968 alipiga tatu shimo la 17, maka wake, aliyemwandikia kadi, akaandika nne, naye akasaini. Alihesabiwa 66 badala ya 65, na akakosa nafasi ya kurudiana na Bob Goalby kwa ajili ya taji. Soma kadi shimo kwa shimo, ukiwa umekaa, kabla ya kusaini.

Wageni kutoka Dar es Salaam huniambia kwamba baridi yetu inaufanya mpira kuwa mzito. Baridi hupunguza kidogo, ni kweli, lakini tupo zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mpira huruka mbali zaidi kuliko pwani. Chukua kijiti kifupi zaidi.

La mwisho ni la uhai. Kuanzia Novemba hadi Aprili ngurumo hutufikia mchana, na bado kuna wachezaji wanaoendelea kupiga kwa kuogopa kwamba wakisimama kabla ya honi ya kusimamisha mchezo wataondolewa. Kanuni inamruhusu mchezaji kusimama mwenyewe anapoamini kwa sababu ya msingi kwamba kuna hatari ya radi, mradi aiarifu kamati mapema iwezekanavyo. Honi ikilia kwa sababu ya hatari, usimalizie hata pati, mkwaju mfupi wa kuingiza mpira shimoni, ya futi moja. Weka vijiti chini, mchukue na kedi wako, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, njooni ndani ya jengo la klabu. Kadi zenu nitazipokea zikiwa na mashimo mliyoyacheza. Na kwa yule ambaye bado ana kadi ya wiki iliyopita mfukoni, sanduku liko ukutani, kushoto mwa mlango, nami hulifungua Jumapili saa nne asubuhi.