Tincha si jina jingine la iodini

Mtoto akichubuka goti, mtu mzima husema, “Mpake tincha,” kisha kinaletwa kichupa cha dawa ya kahawia. Ndiyo maana wengi wamekua wakiamini kwamba tincha ni iodini, na kwamba isipochoma haifanyi kazi. Sivyo.

Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, tingere: kuchovya kitu katika rangi, kama wafanyavyo watia rangi nguo. Lilikuwa limeshazoeleka kwa karne kadhaa kabla Mfaransa Bernard Courtois hajaigundua iodini mwaka 1811. Wafamasia walilipokea kwa sababu ya kile walichokiona chupani. Loweka magome ya mti wa kwinini kwenye spiriti nyeupe kama maji, uyaache siku kadhaa. Spiriti hukolea hadi ikawa na wekundu wa kahawia. Hiyo ni tincha. Palikuwa na ya mdalasini, na ya afyuni pia.

Kwa wafamasia, basi, tincha hutambulika kwa spiriti yake. Tincha ya iodini ina iodini kama asilimia 2 tu, ilhali spiriti ni karibu nusu, na mchomo mwingi unatoka huko: spiriti huziamsha neva zilezile zinazohisi moto. Povidoni iodini, dawa nyingine ya vidonda, nayo ni ya kahawia, lakini imeyeyushwa kwenye maji. Si tincha, haichomi sana, na vijidudu inaviua vizuri. Tafadhali, tusiipime dawa kwa kilio cha mtoto.

Wachora nembo wa Ulaya nao wanalo neno hilohilo: dhahabu, fedha, nyekundu na buluu za ngao zao huitwa tincha.