Saini ya dairekta ni nini?

Kuna dairekta ambaye ukiikuta filamu yake imeshafika katikati, sauti imezimwa na jina hujaliona, bado utasema "huyu ni fulani". Kinachomfichua ni saini yake: maamuzi ya picha anayoyarudia filamu baada ya filamu mpaka yanakuwa kama mwandiko. Wengi huitafuta kwenye filta, wakati wa kuediti. Haipo huko, huwa imeshaamuliwa kabla kamera haijawashwa.

Mfano rahisi ni Wes Anderson, Mmarekani aliyezaliwa Houston mwaka 1969. Bottle Rocket ya 1996, filamu yake ndefu ya kwanza, ina dalili tu. Kufikia The Royal Tenenbaums ya 2001 mwandiko umekomaa: mhusika yuko katikati kabisa ya fremu, kamera imeukabili ukuta, na ikigeuka hugeuka nyuzi 90. Rangi ni chache, nazo zinaanzia kwenye ukuta na nguo. Tangu Bottle Rocket hadi Asteroid City ya 2023, filamu zake zote ndefu za waigizaji alizipiga kameramani mmoja, Robert Yeoman. Kwa hiyo hiyo "saini" ni ya watu waliozoeana, ingawa sifa huenda kwa mmoja.

Saini si lazima iwe na rangi za peremende. Yasujiro Ozu wa Japani aliweka kamera chini, karibu na usawa wa mtu aliyeketi mkekani, akashikilia lenzi ya milimita 50, isiyo pana wala ya kuvuta mbali, na kuiacha kamera itulie. Basi.

Umbo la fremu nalo ni uamuzi. Katika The Grand Budapest Hotel ya 2014, Anderson aliipa miaka ya 1930 fremu ya 1.37 kwa 1 (upana kwa kimo), iliyo karibu na mraba, na miaka ya 1960 fremu pana. Ukipiga kwa simu kwa pikseli 1920 kwa 1080, kata 220 kila upande, ibaki 1480, upate ile ya kwanza. Ukitaka pana ya 2.40, kata 140 juu na 140 chini. Lakini chora mipaka hiyo kwenye skrini kabla ya kupiga, la sivyo utakata vichwa vya watu.

Sasa tuseme unataka shoti ya namna ya Anderson, mhusika katikati kabisa, mbele ya mlango wa stesheni ya reli ya Moshi, na kibali unacho. Tafuta katikati ya mlango kwa futi kamba, kisha weka alama ukutani mita 3 kushoto na mita 3 kulia. Vuta kamba ya fundi kutoka kwenye lenzi hadi kila alama. Urefu ukipishana, kamera iko pembeni, hata kama jicho linakudanganya kwamba iko sawa. Sogeza stendi, usizungushe kichwa chake. Pima maji iwekwe juu ya kamera, si kwenye miguu ya stendi.

Kosa linaloharibu shoti nyingi ni kuinamisha kamera nyuma ili paa liingie. Kuta zinaegemeana juu, na ulinganifu wote umekufa. Rudi nyuma au nyanyua stendi. Lenzi pana sana nayo hupinda mistari ya kingoni, kwa hiyo kama nafasi ya kurudi nyuma haipo, chagua jengo fupi zaidi.

Saa sita mchana jua letu liko karibu na utosi na macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi. Mawingu ya Juni na Julai, yale yanayowaudhi watalii kwa kuificha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni mali: mwanga unagawanyika sawa pande zote mbili za fremu.

Rangi zitatu zinatosha: ukuta, nguo, na moja ya kushtua, labda begi. Nguo utazipata kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi, au Kilombero, Arusha, ila usiziamini kwa macho. Funga mpangilio wa rangi wa kamera (white balance) usijibadilishe wenyewe, kisha piga nguo mbele ya ukuta uleule, saa ileile ya kazi. Nyekundu iliyofifia hupenda kugeuka kahawia kwenye skrini.