Ndege hazimsubiri Mfalme, Mfalme ndo anaziwahi ndege

Kila Juni, ile Jumamosi ya gwaride la London, lazima nibishane na mtu. Safari hii ilikuwa shemeji yangu. Tumekaa sebuleni kwake Tabata tunaangalia gwaride la siku ya kuzaliwa ya Mfalme Charles, huku kwetu inakaribia saa 9 alasiri, familia ya kifalme imetoka roshanini pale Buckingham, haijapita muda ndege hizooo, na shemeji akajipiga paja akasema kwa uhakika kabisa, "Umeona? Akishatoka tu wanapigiwa simu, njooni, mkubwa kashatoka." Mwingine kwenye grupu la ukoo akaandika kwamba ni TV ndo inaziita, eti mwongozaji akishapata shoti nzuri ya roshani anatoa ruhusa. Mimi nimeongoza matangazo ya nje miaka mingi, magwaride ya kitaifa nimeyafanya ya kutosha, na hii imani nimeshaisikia kwa madereva, kwa waandishi wa habari, mpaka kwa watu wa itifaki ambao walitakiwa wajue. Imetosha. Naandika mara moja, mtu akiniuliza tena namtumia linki.

Ni kinyume chake. Ndege zimepangiwa muda kwa sekunde. Kwenye gwaride hili zinatakiwa ziwe juu ya kasri saa 7 kamili mchana kwa saa za London, na saa hiyo ilishapangwa siku nyingi kabla Mfalme hajavaa sare yake asubuhi ile. Anayeharakishwa ni yeye na familia yake, watoke roshanini kabla ndege hazijafika. Ukisikia mtangazaji anasema "na sasa wanatoka", jua ndege zipo njiani tayari na hakuna wa kuzirudisha.

Watu wanafikiri ndege ni kama teksi iliyopaki kona inasubiri honi. Ndege haipaki angani. Helikopta inaweza kuelea, ndiyo najua, ila zile nyingine haziwezi, na msafara huu ni mchanganyiko wa vyombo ambavyo mwendo wao haulingani hata kidogo: helikopta, ndege kongwe za Vita vya Pili kama Lancaster na Spitfire, ndege kubwa za mizigo, ndege za kivita aina ya Typhoon, na mwisho Red Arrows, timu ya maonyesho ya jeshi la anga la Uingereza, ndege tisa na moshi wao. Sasa chukulia baiskeli inatoka Magomeni, daladala inatoka Mbezi, gari la wagonjwa linatoka Kibaha, na wote unawataka wapite pale Faya wakifuatana kwa nusu dakika, hakuna kugongana na hakuna kukanyaga breki. Hapo kila mmoja ana saa yake ya kuondoka na ana umbali wake, ukimgusa mmoja umewavuruga wote. Piga hesabu nyepesi tu. Helikopta ikienda kilomita 160 kwa saa, dakika moja ni kama kilomita 2.7. Ndege ya kivita ikienda kilomita 550 kwa saa, dakika hiyo hiyo ni zaidi ya kilomita 9. Kwa hiyo ukisema "subirini dakika moja Mfalme anashuka kwenye gari", wa mbele umemchelewesha kidogo na wa nyuma anamjia mgongoni. Kugeuza kundi la ndege 18 zinazoruka bega kwa bega nayo sio kama kupiga yu-teni Mwenge.

Hata moshi wa Red Arrows una saa yake. Kila ndege inabeba moshi wa dakika 7 hivi, dakika 5 mweupe, dakika 1 mwekundu na dakika 1 wa bluu, ni dizeli inayomwagwa kwenye hewa ya moto inayotoka injini na rangi ikachanganywa humo. Hauwashwi ovyo.

Na msinitajie mawingu kama ushahidi kwamba zinasubiri. Siku ya kutawazwa, 6 Mei 2023, mawingu yalikuwa chini, mvua inanyesha London nzima, na mpango ulikuwa ndege zaidi ya 60. Hakuna aliyesema tungoje mawingu yafunguke. Walikata orodha, zikapita helikopta na Red Arrows basi. Ndivyo ilivyo, inapita kwa saa yake au haipiti.

Hili linaniuma kwa sababu lilinikuta. Kuna sherehe moja, sitaitaja, hotuba ilirefuka kuliko ratiba, na mtu wa itifaki akaja mpaka mlangoni kwa gari la matangazo akaniambia, "Ndugu, waambie marubani wazunguke kwanza, mzee hajamaliza." Mimi kwenye intakomu yangu nina wapiga picha, fundi wa sauti na mtangazaji. Rubani hayumo wala hajawahi kuwemo. Nikamwambia hivyo, akaniona mkaidi. Ndege zikaja kwa saa yao, zikapita juu ya hotuba, maneno yakamezwa mpaka mwisho wa sentensi, na kesho yake lawama zote zikaandikwa kwa jina la matangazo. Nilikuwa na haki na sikusikilizwa.

Tukirudi London, ustadi wao upo chini, ardhini, kwa sababu ardhi ndo inavutika. Gwaride linaanza kwenye uwanja wa Horse Guards saa 5 kamili asubuhi, Mfalme anafika saa ile ya mnara inapogonga. Hapo una wanajeshi zaidi ya 1,400, farasi 200, wanamuziki 400, na farasi hasomi ratiba. Wanafanya mazoezi kamili Jumamosi mbili kabla, yale mapitio mawili, moja la Meja Jenerali na moja la Kanali, watu wanakata tiketi kabisa. Kumbukeni lile la 10 Juni 2023, joto la kama digrii 30, walinzi wakadondoka, na yule mpiga tromboni akaamka akataka kuendelea kupiga. Sasa gwaride likivuta dakika mbili tatu, zinafidiwa kwenye kurudi kwa barabara ya The Mall, kwenye vikosi kupita mbele ya geti la kasri, kwenye muda wa mizinga 41 kulia Green Park. Huo ndo mwanya wao. Mtazamaji anaona watu wanatembea kwa madaha, mimi naona mtu mahali fulani ana saa mkononi anakula ule mwanya taratibu.

(Juni yenyewe ni suala la hali ya hewa tu. Charles kazaliwa 14 Novemba. Gwaride limetumika kuadhimisha siku rasmi ya kuzaliwa mfalme tangu 1748, na Edward VII, naye wa Novemba, ndo akaisogeza kiangazi. Wakenya wanaofanya gwaride lao la bendera 12 Desemba wana bahati, jua hawalitafuti.)

Sasa kuna hili la "laivu". Jamaa mmoja aliniandikia kwa kujiamini kwamba ndege zilichelewa sekunde 40, kaziona kwenye simu yake na saa ya simu ilishapita saa 9. Kaka, picha ile imetoka kwenye kamera ikaingia mikisa, ile mashine ya kuchagua picha ya kurusha, ikabanwa, ikapanda setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu, ikashuka, ikabanwa tena, ikaingia intaneti, na simu yako nayo inajiwekea akiba ya sekunde kadhaa ili isikwame. Ndo maana jirani mwenye king'amuzi anashangilia goli wewe bado unaona mpira upo katikati. Ndege unazoziona zimeshapita kasri, ziko mbele huko. Huwezi kupimia usahihi wa rubani kwa simu.

Halafu kuna kulaumu shoti. Watu walilalamika tarehe 17 Juni 2023 kwamba zile Typhoon 18 zilizoandika herufi CR (Charles Rex, yaani Mfalme Charles) zilionekana vizuri kwa sekunde chache tu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Maandishi yale yamepangwa yasomwe na mtu aliye chini yake. Kwa mbele yanapokuja, kwa pembe ile ya chini, unaona mstari wa vidoa tu, ukizumu sana ndo unaharibu kabisa kwa sababu unapoteza umbo unabaki na ndege mbili tatu. Yanafunguka yakikaribia utosini, halafu yamekwenda. Ilikuwa hivyo kwa namba 70 ya Typhoon 15 mwaka 2022, miaka 70 ya Malkia kwenye kiti, na namba 100 ya Typhoon 22 tarehe 10 Julai 2018, miaka 100 ya jeshi lao la anga. Mwongozaji inabidi awe na kamera iliyolala inatazama juu, lenzi pana, airisi, lile tundu la lenzi linaloingiza mwanga, imeshawekwa kwa ajili ya anga maana ukiiacha ya sare nyekundu na kofia nyeusi za manyoya, wingu linaungua linakuwa karatasi nyeupe. Na ndege zenyewe hazifanyiwi mazoezi juu ya kasri. Yale mazoezi makubwa yamefanyika Cranwell, Lincolnshire. Kwa hiyo mpiga picha wa London anaiona ile namba juu ya kasri kwa mara ya kwanza pamoja na wewe. Hana nafasi ya pili.

Kukata, yaani kuhamisha picha, kwenda roshanini wakati ndege zipo juu, hapo nina mashaka yangu mwenyewe. Siku ile ya 2 Juni 2022, Malkia Elizabeth akiwa na miaka 96, dunia nzima ilikumbuka nini? Mwanamfalme Louis, miaka 4, kaziba masikio anapiga kelele. Ndege zaidi ya 70, dakika kama 6 za hesabu kali, na kilichobaki kichwani kwa watu ni uso wa mtoto. Nikiwa kwenye kiti ningekata kwake pia, bila kusita. Ila nafikiria kuhusu rubani wa ndege ya 43 ambaye kafanya kila kitu kwa sekunde na hakuonekana.

Nimeacha sauti mwisho kwa sababu hapa ndo shemeji alinimaliza. Kabla ya ndege, wakati wa gwaride, alisema, "Ona, hawa walinzi hawaendani na ngoma, TV imeachanisha sauti na picha." Sauti inakwenda mita 340 hivi kwa sekunde. Mlinzi aliye mita 100 kutoka kwenye ngoma anaisikia baada ya karibu sekunde 0.3. Walinzi hawa kwa mwendo wa haraka wanakwenda hatua 116 kwa dakika, yaani kila hatua ni nusu sekunde na kidogo. Kwa hiyo huyo wa mbali anakanyaga kwa mdundo aliousikia, yuko sahihi kabisa, lakini maiki ipo karibu na ngoma na inauleta mdundo mapema, lenzi ndefu nayo inamvuta mlinzi kana kwamba amesimama pembeni ya ngoma, na wewe nyumbani unaona mtu kakosea zaidi ya nusu ya hatua! Hakuna aliyekosea. Picha ya lenzi imefuta mita 100, sikio halijazifuta. Ukichelewesha sauti ili ilingane na huyo mlinzi, nikikata tu kwenda kwa mpiga ngoma fimbo zake zinaonekana zinapiga hewa. Vitabu vinasema linganisha sauti na picha. Na picha ipi? Mimi kwa miaka yote nimelinganisha na ngoma, nikawaepuka walinzi wa mbali kwa shoti za miguu, nawaonyesha kwa shoti pana ambapo jicho halihesabu. Sina uhakika kama huo ni ustadi au ni kukwepa.

Kwa ndege tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Kamera ya juu ya paa inaiona ndege ikiwa kilomita 5, sauti ya pale itaifikia baada ya sekunde kama 15, kwa hiyo una picha imejaa ndege za kivita na ukimya wa kanisani. Mtazamaji anadhani maiki imekufa. Wengine wanaweka maiki mbele kwenye njia ya ndege, kule zinakotokea, ngurumo inaingia mapema na inabeba picha. Mimi nimefanya hivyo, inapendeza, watu wananisifia. Lakini aliyesimama The Mall hakusikia hivyo. Yeye aliona ndege zinakuja kimya, zikafika utosini, na ngurumo ikamwangukia zikiwa zimeshaanza kupita, sauti inatoka nyuma ya ndege yenyewe, mahali ilipokuwa na sio ilipo. Ule ukimya kabla ya ngurumo ndo unaofanya mwili usisimke, na sisi kwenye TV tunauondoa kila mwaka kwa kuogopa simu za "hakuna sauti".

Mara moja niliuacha. Nilimwambia fundi asiguse kitu, tukakaa na kelele za watu na bendera zinapigwa upepo, sekunde nane tisa hivi, mpaka ngurumo ikaja yenyewe. Mkuu wangu alinigombeza palepale kwenye intakomu. Mama yangu alinipigia jioni akasema alishtuka akamwaga chai. Fundi wa sauti unayesoma hapa, niambie wewe unaweka maiki wapi, na kama umewahi kuuacha ule ukimya ukapita hewani.