Kwa nini simu inayouzwa Arusha huwalipa wenye hataza walioko ng'ambo?

Je, wajua kwamba ndani ya bei ya simu janja inayouzwa katika maduka ya karibu na Soko Kuu la Arusha mara nyingi umo mrabaha, yaani malipo ambayo mtengenezaji huwalipa wenye hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ambao hawakuiunda simu hiyo wala kuiuza?

Abiria anayetoka Moshi kwenda Arusha huweza kuona alama ya 4G juu ya kioo cha simu yake ikigeuka kuwa H, yaani 3G, pengine hata E, yaani 2G. Kila alama ni kiwango cha mawasiliano kilichokubaliwa ili simu iliyoundwa China isikilizane na mtambo wa mnara uliotoka Sweden. Tangu mwaka 1998 viwango hivyo hutungwa katika ushirika uitwao 3GPP, ambako wahandisi wa kampuni hushindanisha mapendekezo, na mengi kati ya hayo huwa tayari yameombewa hataza.

Hapo ndipo penye utamu. Hataza ya kawaida hukwepeka, kwa kuwa aliyezuiwa kutumia bawaba ya mwenzake hubuni ya namna nyingine. Lakini uvumbuzi ukishaingia katika kiwango, simu isiyoutumia haitapata mtandao. Kwa hiyo wenye hataza hutakiwa kuahidi kutoa leseni kwa masharti ya haki, ya kuridhisha na yasiyobagua. Neno "kuridhisha" halitaji bei, na limewalisha mawakili wengi: Apple na Qualcomm, kampuni ya Marekani ya chipu za simu, zilishtakiana hadi zikapatana Aprili 2019.

Mvutano unaoeleweka vizuri zaidi ni wa mwaka 2016, wakati wa kuchagua misimbo ya kusahihisha makosa ya data hewani katika 5G. Qualcomm ilitetea misimbo iitwayo LDPC, iliyobuniwa na Robert Gallager wa chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilhali Huawei ilitetea misimbo ya polar, ambayo Erdal Arıkan wa Uturuki aliichapisha mwaka 2009. Uamuzi ukawa LDPC ibebe data na polar ibebe ishara za udhibiti, zinazoongoza mawasiliano ya simu na mnara. Wahandisi watasema vipimo ndivyo vilivyoamua, na kwa kiasi fulani ni kweli. Hata hivyo, kwa macho yangu, matokeo yanafanana mno na wazee wa Kichaga wanapogawa kihamba, yaani shamba la ukoo, ili pasiwe na ndugu atakayeondoka mikono mitupu.

Mgawanyo huo una thamani ya fedha. Nokia ilitangaza mwaka 2018 kwamba ingetoza hadi euro 3 kwa kila simu ya 5G, na Huawei ikajiwekea kikomo cha dola 2.50 mwaka 2021. Qualcomm hutoza asilimia ya bei ya simu. Kiasi kisichobadilika hakiumizi simu ya bei kubwa, bali huonekana wazi katika simu ya bei nafuu, ambayo ndiyo wateja wengi wa Arusha na Moshi huimudu.

Hataza kwa kawaida hudumu miaka 20. Mtandao wa GSM ulianza kutumika kibiashara nchini Finland mwaka 1991, hivyo hataza zake za mwanzo zimekwisha muda, na kitochi kinachotumia 2G pekee hakibebi tena mzigo huo wa awali. Kizazi kipya nacho huja takriban kila baada ya miaka kumi, kikiwa na hataza changa.