Bakteria hawaishi ujamaa, jamani

Juzi tena, kijiweni kwenye kahawa hapa Tabora, kijana kaniambia bakteria ni wajamaa, kila mmoja anatengeneza kitu kwa ajili ya wenzake ndo maana wanategemeana. Hii nimeisikia mpaka kwa walimu, na sasa imenichosha.

Chukua yogati. Mle ndani wamo wawili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Bulgaricus anakatakata protini ya maziwa, mwenzake anakula vipande, naye anamrudishia asidi ya fomiki na kaboni dayoksaidi. Wakiwa pamoja maziwa yanaganda fasta kuliko mmoja akiwa peke yake. Watu wanaona upendo hapo. Mi naona kinachovuja: bulgaricus anakata ili ale yeye, ila kimeng'enya chake kimekaa nje kwenye ukuta wa seli, vipande vinasambaa kwenye maziwa kabla hajavimaliza.

Sasa hapa ndo watu wanapokosea. Jirani akiwasha taa ya nje uchochoro mzima unaona, wewe unazima yako na uniti zako zinadumu, hujamdhuru wala hujamsaidia, umepunguza gharama tu. Miaka ikipita umeng'oa hadi waya. Siku jirani akihama uko gizani. Kutegemeana kwingi kunaanza hivyo, kwa kupoteza, sio kwa kupeana.

Mfano wake uko baharini. Prochlorococcus, bakteria wa huko, hana katalesi, kimeng'enya cha kuvunja haidrojeni peroksaidi, sumu hiyo anasafishiwa na bakteria wanaomzunguka. Mwaka 2012 wanasayansi Morris, Lenski na Zinser wakaiita dhana ya Malkia Mweusi, ile karata ambayo kwenye mchezo wa Hearts kila mchezaji anaikwepa. Jeni ya gharama, inayovuja faida nje, kila mtu anataka abaki nayo mwingine.

Ila kuna kitu vitabu vinakiruka. Jeni kupotea sio lazima kuwe na faida. Buchnera, bakteria anayeishi ndani ya vidukari, naye kapoteza jeni kibao, lakini wanaorithishwa kwa kila mtoto wa mdudu ni wachache, kwa hiyo hata hasara inaweza kupita kwa bahati tu. Prochlorococcus wako wengi mno baharini, bahati peke yake haitoshi. Ukiniwekea jenomu mbili (yaani jumla ya jeni za bakteria) zilizopungua mezani bila kuniambia zimetoka wapi, kusema ipi imepunguzwa na faida na ipi na bahati ni kazi ngumu kweli. Na majaribio yetu mengi ni ya bakteria wawili watatu kwenye chupa, tena tumewakata jeni wenyewe, wakati tumboni mwa ng'ombe mmoja wa hapa Unyamwezi kuna mamia ya spishi zinavujiana kwa wakati mmoja.